Programu ipi ya kuchora na kuandaa kazi za CNC kwa karakana ya nyumbani, bila gharama kubwa?

Mchongaji300

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa programu za CAD (za kuchora) na CAM (za kuandaa njia ya kukata) kabla sijalipia chochote.

Mashine ni CNC ya mihimili mitatu, eneo la kazi 300 × 400 mm. Spindo ni ya wati 500, inafika mizunguko 12,000 kwa dakika, koleti (kibano cha biti) ni ER11. Skrubu za kila mhimili ni T8 zinazosogea milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Bodi ni Arduino Uno yenye GRBL 1.1, programu inayosoma amri na kuendesha mota. Laptopu ina RAM ya GB 8, Windows ya biti 64, na intaneti ni ya kukatikakatika.

Kazi zenyewe: vishikio vya alumini vya unene wa 6 na 10 mm, vingi vikiwa na viota (mashimo yasiyopenya) vya beringi za 608, vibao vya mbao vyenye maandishi ya kuchimba, na mara chache boksi za plaiwudi. Baadhi ya vitu vitauzwa.

Nataka kujua mambo matatu. Programu moja inatosha au nitahitaji mbili? Hizi za bure zina mitego gani? Na kama kuna cha kununua, ni kipi hasa?

---

KipimoKamili

Karibu mkuu. Umefanya vizuri kutaja bodi, maana hapo ndipo pa kuanzia. Wengi huanza na programu ya kuchora kwa sababu ndiyo inayoonekana, halafu mwishoni wanakuta haitoi faili ambalo mashine yao inalielewa. Anza mwisho, rudi mwanzo: bodi inaelewa amri zipi, CAM ipi inaandika amri hizo, na CAM hiyo inapokea mchoro wa aina gani.

GRBL 1.1 kwenye Uno inaelewa G0, G1, G2, G3, G17 hadi G19, G20, G21, G54 hadi G59, G90, G91, M3, M5 na nyingine chache. Haielewi mizunguko ya kutoboa G81 na G83. Haielewi G41 na G42 za kufidia kipenyo cha biti (kikatio), wala G43 yenye namba ya H. M6 ya kubadilisha biti pia inaikataa. Kwa hiyo CAM yoyote utakayochagua lazima iwe na posti ya GRBL, yaani kile kipande cha programu kinachogeuza njia ya biti kuwa msimbo wa G (orodha ya amri) wa bodi fulani. Ukiona CAM haina posti ya GRBL, achana nayo hata kama ni nzuri kiasi gani.

Kwa kazi zako za alumini, pendekezo langu ni FreeCAD, toleo la 1.0 au jipya zaidi. Ni programu huria, haina kikomo cha faili, haiulizi kama unauza, haihitaji intaneti baada ya kuisakinisha, na ina CAD na CAM ndani yake. RAM ya GB 8 inatosha kwa vishikio na viota. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na limepunguza sana lile tatizo la zamani ambapo ukigusa mchoro wa mwanzo, kona ulizozungushia baadaye zinavunjika. Limepungua, halijaisha: weka mizunguko ya kona na mikato ya pembe mwisho kabisa, baada ya matundu na viota.

Usiifungue na kuanza kubofya tu. Fuata hivi:

Kwanza kabisa, nenda Edit, Preferences, General, kwenye Unit system uchague mfumo wa "Metric small parts & CNC". Hii ndiyo inayowaumiza wageni kuliko kitu kingine. Mfumo wa kawaida wa FreeCAD unasoma kasi kwa milimita kwa sekunde. Ukiandika 600 ukidhani ni kwa dakika, yenyewe inaandika 36,000 kwenye msimbo. GRBL itapunguza hadi kikomo ulichoweka kwenye $110 na $111 (kasi ya juu ya X na Y), lakini kikomo hicho bado ni kasi ya kuvunja biti kwenye alumini.

Chora kwenye Part Design, sehemu ya kuunda maumbo. Kila mchoro wa bapa ufungwe kwa vipimo hadi mistari yote iwe ya kijani. Mstari ambao haujafungwa utasogea siku utakapobadilisha kipimo kingine, na hutaona hadi biti ikate.

Ukimaliza umbo, hamia sehemu ya CAM na uunde Job (mpangilio wa kazi). Ndani ya Job weka ukubwa wa malighafi jinsi ulivyoipima kwa venia kalipa, siyo jinsi ilivyoandikwa dukani. Weka sifuri kwenye kona ya chini kushoto, juu ya malighafi. Kwenye Output chagua grbl, na kwenye sehemu ya Arguments andika `--translate_drill`. Neno hilo linafanya G81 na G83 zivunjwevunjwe kuwa G0 na G1 ambazo bodi yako inazielewa.

Halafu vimo vya usalama. FreeCAD inainua biti milimita 5 tu juu ya malighafi inapohama. Kichwa cha bolti ya klampu huwa kirefu kuliko hapo. Pandisha hadi 15, au zaidi ya klampu yako ndefu kuliko zote.

Sehemu ambayo FreeCAD bado ni dhaifu ni uchongaji wa sura zenye mawimbi, kama bakuli au uso wa sanamu. Kwa vishikio, viota, matundu na kukata pembeni, inatosha kabisa.

---

biti_sita

Nakubaliana na KipimoKamili kuhusu kuanza na bodi, ila naona Fusion (CAD na CAM ya Autodesk) ya matumizi binafsi isitupwe bila kutajwa. Kwa mtu anayejifunza, CAM yake inaeleweka haraka na njia zake za kukwangua alumini ni nzuri mno. Posti ya GRBL ipo.

Lakini soma masharti vizuri mkuu, hasa wewe uliyesema utauza. Leseni ya bure ni kwa wasioingiza zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka. Faili zinazoweza kuhaririwa ni 10 kwa wakati mmoja. Nyingine zinabaki za kusoma tu hadi uzibadilishane zamu. Kwenye CAM wameondoa mambo mawili ambayo utayaona siku ya kwanza: kubadilisha biti ndani ya faili moja, na miendo ya haraka. Kila mahali ambapo G0 ingetumika, inatoka G1 kwa kasi ya kukata. Kwenye mashine ndogo yenye kazi fupi hausikii sana, lakini kibao chenye herufi 30, ambapo biti inapanda na kushuka mara mia, muda unaongezeka waziwazi.

Kuna watu wanaandika skripti ya kurudisha G0 kwenye faili baada ya kutolewa. Sipendekezi. Skripti ikikosea mstari mmoja, biti inapita ndani ya malighafi kwa kasi ya juu.

Na intaneti yako ndiyo kikwazo kikubwa. Faili zinakaa kwenye seva zao na programu inahitaji kuingia mtandaoni kila baada ya muda kuthibitisha leseni. Kama mtandao unakatika wakati wa kazi ya mteja, utakwama.

Onshape vivyo hivyo: inafanya kazi ndani ya kivinjari na ni nzuri sana kwa kuchora, lakini kwenye mpango wa bure michoro yako yote iko wazi kwa umma na hairuhusiwi kwa biashara. Kwa kitu unachokusudia kukiuza, hapana.

---

Jiriwa

Mimi nizungumzie upande wa mbao, maana hapo jibu ni tofauti.

Kuchimba herufi kwa biti ya V ni kazi yenye hesabu yake: kina kinabadilika kufuatana na upana wa herufi. Kwa biti ya nyuzi 60, mfereji wa upana wa 6 mm unahitaji kina cha takriban 5.2 mm. Kwa biti ya nyuzi 90, upana uleule ni kina cha 3 mm. FreeCAD ina operesheni ya Vcarve, nayo inafanya kazi, ila herufi zenye mikunjo mingi huichosha na ukitaka kurekebisha maandishi mara tano kwa siku utapoteza muda mwingi.

Hapa ndipo ningesema pesa inaweza kutumika. VCarve ya Vectric, toleo la Desktop, unalipa mara moja na linakuwa lako, hakuna ada ya kila mwezi. Kikomo chake ni kazi ya 635 × 635 mm, na mashine yako haifiki hapo. Toleo la majaribio linakuonyesha kila kitu lakini halitoi msimbo wa mchoro wako mwenyewe, kwa hiyo tumia muda huo kujifunza, usitegemee kukata.

Kama bei hiyo bado ni kubwa, kuna Estlcam na CamBam. Zote mbili ni nyepesi, zinafunguka haraka hata kwenye laptopu ya zamani. Estlcam ya majaribio ina kila kitu. Kinachobadilika ni muda wa kusubiri kabla ya kuhifadhi, unaoongezeka kadiri unavyoitumia bila kulipia. CamBam inakupa vipindi 40 kamili, kisha inashuka hadi mistari 500 ya msimbo. Kishikio chenye matundu manne kinaingia ndani ya mistari 500. Herufi za V haziingii.

Kwa mchoro wa bapa tupu, LibreCAD au QCAD inatosha. SolveSpace nayo ni programu ndogo ajabu, faili moja tu, inafunga vipimo kama FreeCAD na inatoa DXF (faili la mchoro wa bapa) na STEP (faili la umbo la pande tatu). Kasoro yake ni kwamba haina amri ya kuzungusha kona za umbo la pande tatu, lazima uzichore mwenyewe kwenye mchoro wa bapa.

Sasa mitego ya faili, maana ukianza kutumia programu mbili utakutana nayo:

DXF mara nyingi haibebi vipimo vyake sawasawa. Kitu cha 100 mm kikiingia kama 3.937 au 2,540, mmoja anasoma inchi na mwingine milimita. Tofauti ni mara 25.4. Weka ndani ya kila mchoro mraba wa 10 × 10 mm pembeni, upime mara tu baada ya kuufungua upande wa pili, halafu uufute.

SVG (faili la mchoro kama la Inkscape) ina mtego mwembamba zaidi. Inkscape kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017 ilihesabu nukta 90 kwa inchi, na kuanzia hapo ni 96. Faili la zamani likisomwa kwa hesabu mpya, 100 mm inageuka 93.75, kinyume chake inakuwa 106.67. Ukiona kosa la karibu asilimia 6 au 7, usihangaike na mashine, rudi kwenye SVG.

Mistari iliyorudiwa juu ya mingine haionekani kwa macho lakini CAM inaikata mara mbili. Na mstari usiofunga, hata kama pengo ni 0.01 mm, CAM haitaukubali kuwa kiota. LibreCAD, ukivuta mistari bila kunasa ncha, inakuachia mapengo hayo kila kona.

STL usiitumie kwa vishikio. Ni pembetatu tupu: tundu la mduara linakuwa poligoni, na kipimo hakiwezi kuhaririwa. Kati ya programu na programu tuma STEP. Na kila kazi inayoisha, hifadhi folda moja yenye faili la asili, STEP, msimbo wa G, na karatasi ya maandishi inayosema biti gani ilitumika na sifuri ilikuwa wapi. Mwaka ukipita, hiyo karatasi ndiyo utakayoitafuta.

---

Chembe

Nyongeza moja fupi. Kabla ya kukata, pitisha msimbo kwenye CAMotics. Ni ya bure, inasoma faili lilelile litakaloenda kwenye mashine na kuonyesha malighafi ikichongwa. Onyesho la ndani ya CAM linaonyesha kile CAM ilichokusudia, halionyeshi kile posti ilichoandika, na makosa mengi yanazaliwa hapo kwenye posti.

Miduara ndiyo mfano mzuri. Kwenye G2 na G3, thamani za I na J (mahali pa kitovu cha mduara) zinaweza kuhesabiwa kutoka pale biti ilipo au kutoka sifuri ya kazi. GRBL inajua aina ya kwanza tu. Posti ikiandika aina ya pili, utaona miduara mikubwa inayofunika meza nzima kwenye picha, au bodi inasimama na error:33. Ukiiona kwenye skrini, hujapoteza kitu.

Halafu jaribu hewani: weka sifuri ya Z milimita 20 juu ya malighafi, endesha faili zima, mkono ukiwa karibu na swichi ya kuzimia.

Kuhusu kipande cha majaribio, tengeneza kimoja kinachogusa kila kitu unachokusudia kufanya: bamba la 50 × 50 mm, unene wa 10, kiota cha beringi ya 608 katikati (kipenyo 22, kina 7), tundu la 10 linalopenya chini yake, na matundu manne ya 4.2 kwenye kona kwa ajili ya kukata uzi wa M5. Kipitishe kwenye kila programu unayoifikiria, kuanzia mstari wa kwanza wa mchoro hadi msimbo. Ile inayokufikisha mwisho bila kubahatisha ndiyo yako, hata kama wengine wanasifia nyingine.

---

Mchongaji300

Asanteni sana wakuu. FreeCAD imesakinishwa, nimebadilisha mfumo wa vipimo kama mlivyosema, na kipande cha majaribio cha Chembe kimekatwa. Mambo mawili yamejitokeza.

La kwanza, jaribio la mwanzo bodi ilisimama na error:20 kwenye mstari wa `M6 T1`. Nilifuta mstari huo kwa mkono, ikaendelea mbele kidogo, ikasimama tena na error:20 kwenye G43. Nimeendelea kufuta hadi ikakubali, lakini matundu manne ya kona hayakutobolewa.

La pili, vipimo. Nje ni 50.2 badala ya 50.0, X na Y sawa. Kiota ni 21.8 badala ya 22.0, beringi haiingii. Biti ni ya 6 mm, makali mawili. Nimeweka mizunguko 12,000, kasi 300, kina cha 1 mm kila raundi. Biti inalia na alumini inagandamana kwenye makali. Nibadilishe hatua za mota kwenye $100 na $101?

---

KipimoKamili

Hilo la kwanza: posti uliyochagua ni ya linuxcnc, mfumo mwingine wa kuendesha mashine, siyo ya grbl. M6, G43 H1 na G81 ndizo alama zake. Error:20 maana yake bodi imekutana na amri isiyoijua. Ulipofuta mistari ya G81 ulifuta matundu yenyewe, ndiyo maana hayakutobolewa.

Rudi kwenye Job, Output, badilisha Processor iwe grbl, hakikisha `--translate_drill` imo, kisha utoe faili upya. Posti ya grbl inaigeuza M6 kuwa maelezo tu ambayo bodi inayaruka. Hapo kuna jambo la kukumbuka: bodi ikiruka M6, haitakungoja ubadilishe biti. Kipande chako kina biti mbili, ya 6 na drili ya 4.2. Toa faili mbili, moja kwa kila biti, na baada ya kufunga drili uweke sifuri ya Z upya. X na Y usiziguse.

Usizoee kufuta mistari ya msimbo kwa mkono hadi bodi ikubali. Bodi ikikubali haimaanishi kazi ni sahihi. Kosa likitokea kwenye msimbo, tafuta mahali lilipozaliwa, ama kwenye posti ama kwenye mpangilio, ulirekebishe huko.

Ukikutana na error:22, hiyo ni kasi haijaandikwa: kuna kisanduku cha kasi kwenye Tool Controller (mpangilio wa biti ndani ya Job) kimeachwa sifuri, mara nyingi ni kile cha kushuka chini.

---

Chembe

Hatua za mota usiziguse mkuu. Tazama namba zako: nje imezidi kwa 0.2, ndani imepungua kwa 0.2. Kosa la hatua ni la uwiano, linakuza vyote au linapunguza vyote. Ukishusha $100 na $101 ili 50.2 iwe 50.0, kiota chako cha 21.8 kitakuwa takriban 21.71, kibaya zaidi ya sasa. Na hesabu ya hatua haina utata: mota ya hatua 200, ikigawanywa mara 8, ni 1,600 kwa mzunguko; skrubu inasogea 8 mm kwa mzunguko; 1,600 ÷ 8 = 200. Kama $100 na $101 zinasema 200.000, ziache hivyo.

Nje kuzidi na ndani kupungua kwa kiasi kilekile maana yake biti inakata kana kwamba ni nyembamba kuliko ulivyoiambia programu. Kila upande umebaki na nyama ya 0.1 mm. Sababu ni mbili: ama biti kweli siyo 6.0, ama inapinda.

Pima biti kwanza. Zilizonolewa upya huwa 5.8 au 5.9. Ukikuta 5.8, iandike hivyo kwenye FreeCAD, utoe msimbo upya, basi. (Kinyume chake hutokea kwa biti ya robo inchi, ambayo ni 6.35: ukiiandika kuwa 6, nje inapungua hadi 49.65 na ndani inapanuka hadi 22.35.)

Ukikuta 6.0 kamili, basi inasukumwa pembeni, na kasi yako inanielekeza huko. Piga hesabu: kasi ni mizunguko mara makali mara unene wa chembe. 300 ÷ 12,000 ÷ 2 = 0.0125 mm kwa kila kali. Hapo biti haikati, inasugua. Inasukumwa, inapata joto, alumini inalainika na kuganda kwenye makali, na huo mlio ni wa kusugua. Peleka hadi 0.03 kwa kali: 12,000 × 2 × 0.03 = 720 mm kwa dakika. Kushuka chini iwe 200, na kwa mzunguko au mteremko, siyo wima. Kwa kuwa umeongeza kasi na fremu ni nyepesi, punguza kina hadi 0.5 mm.

Kiota ukikichonga kwa Adaptive (njia ya kukwangua kidogokidogo pembeni) na upana wa raundi wa asilimia 10 ya biti, chembe inatoka nyembamba hadi asilimia 60 ya ile uliyokusudia, kwa hiyo hapo unaweza kupanda hadi 1,200. Puliza hewa muda wote. Chembe zikibaki kwenye kiota zinakatwa mara ya pili, na hilo peke yake linatosha kugandisha biti.

Halafu bakiza nyama ya 0.2 mm kwenye ukuta wa kiota na pembeni, uichukue kwa raundi ya mwisho kina kizima. Nguvu inakuwa ndogo, biti haipindi.

---

Mchongaji300

Biti imepimwa kwa maikromita: 5.96. Nimeiandika hivyo, kasi 720, kina 0.5, raundi ya kumalizia ya 0.2. Posti sasa ni ya grbl, matundu manne yametoka. Nje ni 50.02. Kiota ni 21.97 kikipimwa kwa X, na 21.90 kwa Y. Mlio umeisha na chembe zinatoka ndogondogo, zenye kung'aa. Beringi inaingia nusu halafu inakwama.

---

Chembe

Umefika karibu sana. Sasa X na Y zikitofautiana, programu haihusiki tena. Huo ni mchezo (ulegevu) kwenye nati ya skrubu ya Y. Kidole kikipita ndani ya kiota utakuta vibonde vidogo pale ambapo Y inageuza mwelekeo.

Weka saa ya kupimia kwenye meza, ncha yake iguse spindo kwa upande wa Y. Sogeza Y mbele 1 mm mara tatu ili kuondoa ulegevu, sawazisha saa iwe sifuri, kisha rudisha 1 mm. Kinachopungua kwenye 1.00 ndicho kiasi cha mchezo. Nati ya T8 yenye springi kati ya vipande viwili huwa inalegea springi. Ibane au weka ngumu zaidi. GRBL 1.1 haina mpangilio wa kufidia mchezo, kwa hiyo lazima uumalize kwenye chuma.

Ukishaibana, rudia raundi ya kumalizia peke yake kwenye kipande hichohicho, bila kukitoa kwenye jiriwa wala kuondoa sifuri. Kama bado Y inabaki chini ya 21.98, kwenye operesheni ya kiota andika nyama ya kubakiza iwe −0.01 badala ya 0 na uirudie. Beringi ya 608 iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba, ikae bila kucheza.

---

Jiriwa

Na kwa vibao, kabla ya kulipia VCarve, chora neno moja la herufi tano kwenye FreeCAD ulipeleke kwenye operesheni yake ya Vcarve kwa biti ya nyuzi 60, plaiwudi ya 12 mm, mizunguko 12,000. Chembe ya 0.04 kwa kila kali, makali mawili, ni 960 mm kwa dakika. Weka kikomo cha kina cha 5 mm, maana herufi yenye sehemu pana kupita 6 mm itataka kushuka zaidi na ncha inaweza kutokea upande wa chini. Likitoka safi na ukaona muda wa kuandaa unavumilika, vibao vichache kwa mwezi havihitaji ununue kitu.